Ngumi ya Mgongoni

Masanja, mtani wangu, mvivu uliyelala mchana kweupe,

Mwangaluka. Najua hujibu. Hata ulipokuwa hai ulikuwa unaitikia salamu kwa kukohoa. Nakuandikia nikiwa hapa gereji, kwenye kile kiti tulichoking'oa katika basi lililoungua, na mbele yangu pale ilipokuwa inasimama pikapu yako pamebaki doa la oili. Hilo doa ndilo habari yenyewe. Nitalifikia, usinikimbize. Mimi niliishia darasa la nne, wewe la saba, na hukuchoka kunikumbusha.

Kwanza nikusimulie mazishi yako, maana siku ile ulikuwa umelala. Mimi binamu yako na mtani wako nilifanya kazi yangu. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa pale Ngulyati niliruka ndani nikajinyoosha, nikasema sitoki, chumba hiki nimekipanga mimi, huyo marehemu atafute kwingine. Wazee wakanibembeleza. Wakaleta kuku, nikamkataa, nikasema amekonda kuliko marehemu. Nikadai bisibisi yako ndefu, ile uliyokuwa unaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni ukaisikiliza. Shangazi yako alicheka huku machozi yanamtoka. Wakanipa. Nikatoka, ukaingia wewe. Na unajua mila yetu, alichokidai mtani kaburini hakirudi.

Sasa ona ujinga wangu. Nilidai bisibisi, nikasahau kudai sikio.

Hili tulilijua wawili tu, au ndivyo nilivyodhani. Tangu ile betri ya lori iliponilipukia, sikio la kushoto lilikufa palepale na la kulia likabaki kama redio yenye betri za mwisho. Nilitaka kuacha kazi nikachunge ng'ombe za kaka yangu kule Sapiwi. Wewe ukasema hapana, wateja wakijua fundi hasikii watahamia kwa wale vijana wa kompyuta kule stendi. Ukatunga ule utaratibu wetu. Mimi nakaa kwenye usukani, napiga stata. Wewe unasimama dirishani, umenielemea kwa nyuma, umeshika matambara kama mtumishi wangu. Kidole kimoja begani, mafuta yameingia hewa. Viwili, betri imechoka. Ngumi mgongoni, zima hapohapo, mkanda wa taimingi umekatika, usizungushe tena hata mara moja.

Halafu mimi nafumba macho kama mganga, natikisa kichwa, natamka ugonjwa. Watu wakashangaa, hajafungua hata boneti. Wakaniita Daktari. Wewe wakakuita yule mzee wa matambara. Soda wakaninunulia mimi, wewe ukanywa maji ya mtungi, na jioni tukacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini nikuambie kitu ambacho sikukuambia. Nilizoea, Masanja. Miaka ilivyokwenda nilianza kuamini kwamba ni mimi ninayesikia.

Ulipoondoka, mwanao Kulwa akashika pikapu. Yeye na mama yake wakawa wanafuata dagaa Lamadi, wanawapeleka kwenye minada ya huku kwetu, na hiyo pikapu ndiyo iliyokuwa inalisha ile nyumba. Wiki tatu zilizopita ikazimika njiani karibu na Nassa, imejaa magunia. Ikavutwa na trekta mpaka hapa. Ukiwasha, stata inazunguka vizuri, ila injini haiwaki. Kulwa na pacha wake Doto wakakaa kikao. Wakasema mnunuzi wa chuma chakavu anapita Ijumaa, ikiwa imewaka haiuzwi, isipowaka inakatwa. Mkeo akawajibu mbele yangu, "Shemeji yupo. Daktari hajashindwa na gari." Nami badala ya kunyamaza nikasema Jumatano itakuwa inanguruma.

Nikamfukuza Kulwa asije akaona ninavyofanya. Nikabaki peke yangu na pikapu yako.

Siku ya kwanza nikaweka ile bisibisi sikioni, nikashtua stata kwa waya. Nilihisi mtetemo kwenye taya, basi. Hakuna kilichoniambia neno. Nikalegeza nati za mabomba ya nozeli, nikazungusha, hata tone la dizeli halikutoka. Nikafurahi, nikasema nimekukamata, ni hewa. Nikapampu kwa mkono mpaka kidole gumba kikatoka malengelenge. Nikazungusha tena. Pakavu. Siku ya pili nikabadilisha filta, nikashusha tangi lote, nikakuta ndani kifuniko cha soda ambacho najua ni cha kwako, maana ni wewe uliyekuwa unajazia mafuta huku unakunywa. Nikakitukana hicho kifuniko kwa heshima zote. Nikarudisha tangi, nikazungusha mpaka betri ikalegea. Nikaazima nyingine, nikazungusha. Siku ya tatu, ndiyo hiyo Jumatano, bado nazungusha.

Wewe huko uliko unanicheka. Mkanda ukikatika pampu ya dizeli haigeuki, na pampu isipogeuka dizeli haifiki kwenye nozeli. Mtoto wa wiki mbili gereji anajua. Na ile sauti ya injini iliyokata mkanda, wewe mwenyewe ulisema inazunguka nyepesi kama cherehani isiyo na kitambaa, haina ule mkazo wa kupanda na kushuka. Lakini hayo ni ya masikio. Mimi nilikuwa na macho na kiburi. Kufungua kifuniko cha mbele nikautazama mkanda ni kazi ya saa moja. Sikufungua. Daktari anafunguaje bila kujua anatafuta nini? Kila nilipogusa stata nilikuwa nimekaza mgongo, nasubiri. Haikuja.

Halafu ikaja. Nimeinama kwenye usukani, nimeshikilia ufunguo, mara nikapigwa ngumi mgongoni, palepale pako, chini kidogo ya shingo. Masanja, nilizima gari kabla sijafikiri. Nikageuka na jina lako mdomoni.

Alikuwa Mama Kulwa. Siku mbili zote alikuwa Lamadi, anahangaika kuuza wale dagaa kabla hawajaharibika, akaja moja kwa moja na beseni lake kichwani. Aliniita mara tatu tangu getini, ananiambia. Sikusikia. Akaisikia injini, akalitua beseni chini, akafanya alichokuwa anafanya mumewe.

Nikajitetea kwamba nilikuwa nachunguza tu. Akaniambia taratibu, uso kwa uso ili nisome midomo, "Shemeji, najua tangu mwaka ule wa betri. Alikuwa akirudi nyumbani ananionyesha mgongoni kwangu, tunacheka." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ulikuwa unafurahi sana kuitwa Daktari."

Wewe na siri zako. Miaka yote hiyo najiona mjanja, kumbe mgongo wa mkeo ulikuwa unapata habari zote.

Tukafungua mbele pamoja, yeye akishika tochi. Mkanda umechanika vipandevipande kama nyasi zilizotafunwa na ng'ombe. Juu, tulipofungua kichwa cha injini, roka zimevunjika, valvu zimepinda, pistoni moja imetobolewa. Kulwa alipofika akasema kila kitu kilivunjika kule njiani, sekunde ileile mkanda ulipokatika. Mtoto mwema, ananifariji. Huenda ni kweli. Lakini mimi ndiye niliyezungusha siku tatu, vyuma vikigongana ndani na mimi sisikii, na hakuna atakayeniambia kwa uhakika zipi zilivunjika Nassa na zipi nilizivunja mimi. Wewe ungejua. Ungeniambia kwa mzaha mbaya, halafu ungeninunulia maandazi.

Ijumaa watu wa chuma chakavu walikuja na gesi ya kukatia. Nilimwomba yule mkataji aanze na mlango wa abiria, uliokuwa haufungi, ili pikapu ipungukiwe aibu kwanza. Hakunielewa. Aliikata kuanzia shingoni kama mbuzi. Moto ule mkali, cheche zinaruka, na mimi sikusikia hata kidogo. Hiyo tu ndiyo faida niliyoipata kwa uziwi wangu.

Mkeo sasa anapanda basi na gunia moja la dagaa pale ambapo alikuwa anabeba kumi. Kulwa ameenda kutafuta kazi Mwanza. Mimi gereji sijaifunga, ila wateja wakija nawaambia wapeleke stendi. Wawili waliniita Daktari wiki hii. Nikawaambia daktari alikufa, alikuwa yule mzee wa matambara, mimi nilikuwa domo lake. Walidhani natania. Ndiyo mshahara wa mtani, akisema kweli haaminiki.

Ile bisibisi nimeirudisha. Najua mila. Jana nilikuja Ngulyati nikaichimbia upande wa kichwa chako, mpini juu, nikaufunika kwa mchanga watoto wasiuone. Wazee wakijua watanitoza faini, na wewe unishtaki ukiweza kuinuka.

Basi, Masanja, kaa salama na wadudu wako, usiwafundishe uvivu. Nakuahidi jambo moja tu, maana kubwa zaidi siliwezi. Sitapiga stata ya gari la mtu yeyote tena nikijidai nasikia. Na siku yangu ikifika, ambayo naona haina haraka na mimi wala mimi nayo, usihangaike na salamu. Ninyemelee kwa nyuma unipige ile ngumi. Nitajua ni wewe, na nitazima.

Mtani wako,
Maduhu, domo lako