Abiria Ambaye Hakushuka Berekvam

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kifo cha Gustave Mushagalusa, miaka 70, kilichotokea Norway, Juni 2018
Yameandikwa: kituo cha polisi, mashariki mwa Johannesburg, tarehe 11 Septemba 2018, saa nne na dakika kumi asubuhi
Jina la shahidi: Jemimah Chepngetich
Umri: miaka 49
Kazi: mkutubi wa chuo kikuu
Makazi: Bertrams, Johannesburg
Uraia: Mkenya

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu.

Mwezi wa Juni mwaka huu nilisafiri kwa meli ya watalii kwenye fiordi za Norway, yaani zile ghuba nyembamba zinazoingia mbali katikati ya milima. Safari hiyo tulikuwa tumeipanga mimi na mume wangu, Sidney. Mwezi wa Februari Sidney alirudi Eldoret kuishi na mwanamke mwingine. Nilikwenda hata hivyo, kwa sababu wenzangu kazini walikuwa wameshaniaga.

Mnamo tarehe 10 Juni, wakati wa chakula cha mchana melini, nilimsikia mzee mmoja akijisemea kwa Kiswahili cha Bukavu mbele ya sahani ya samaki: "Sasa hii nayo njo chakula gani?" Nilicheka. Aligeuka akaniuliza kwa Kiswahili natokea wapi. Huyo ndiye marehemu Gustave. Alikuwa fundi cherehani Yeoville tangu mwaka 1998, mzaliwa wa Bukavu. Kwa miguu, kutoka kwake hadi kwangu ni kama dakika ishirini, na hatukuwa tumewahi kuonana.

Kuanzia hapo alikaa meza yangu kila mlo. Alisema mkewe, Marthe, alifariki miaka mitano iliyopita. Marthe alikuwa na kalenda ya mwaka 2003 yenye picha ya treni ya kijani ikipita kando ya maporomoko ya maji, na kalenda hiyo haijatolewa ukutani hadi leo. Binti yao, Jocelyne, alimpa baba yake safari hii alipotimiza miaka sabini, ili akapande treni hiyo. Alinieleza pia kwamba wajukuu zake wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza, na kwamba nyumbani hakuna anayemngoja amalize sentensi.

Mimi nilimngoja siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mnamo tarehe 12 Juni, saa mbili asubuhi, meli ilitia nanga Flåm, kijiji kilichopo mwisho wa fiordi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemwahidi kwamba tutapanda treni hadi juu, na wakati wa kurudi tutashuka kituo cha katikati kiitwacho Berekvam, kisha tuteremke bondeni kwa miguu hadi melini. Ni kama kilomita kumi. Alivaa suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe na viatu vya ngozi vyenye soli laini. Niliviona viatu hivyo. Sikusema kitu.

Treni iliondoka saa tatu na nusu. Ilisimama kwenye maporomoko, abiria wakashuka kupiga picha. Marehemu alinipa simu yake nimpige picha. Hakutabasamu. Alisimama wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, maji yakimrukia mgongoni.

Saa tano na dakika ishirini, wakati wa kurudi, treni ilifika Berekvam. Manyunyu yalikuwa yameanza. Marehemu alisimama mlangoni akaniambia, "Mama, twende."

Nilimwambia magoti yananiuma. Haikuwa kweli. Nilitaka kukaa peke yangu dirishani. Sikushuka.

Alisema, "Basi pumzika, mama. Tutaonana kwa chai."

Alishuka. Hakuna abiria mwingine aliyeshuka naye. Nilimwona akikunja suruali mara moja kila mguu, kisha treni ikaondoka.

Meli ilipaswa kuondoka saa kumi na moja jioni. Saa kumi na nusu jina lake lilitangazwa mara mbili. Ofisa mmoja wa meli alinijia, kwa kuwa wahudumu walitueleza kama watu wanaokula pamoja. Aliniuliza kama tunasafiri pamoja na kama najua alipo. Nilijibu kwamba kila mtu alikuja kivyake, kwamba simjui wala sijui alipo. Nilihofu wataniambia nishuke na mizigo yake nibaki kumsubiri, kana kwamba ni mtu wangu. Kwa kuwa sikutaja Berekvam, walidhani amebaki kituo cha juu, treni inakogeuzia, na huko ndiko alikotafutwa kwanza. Meli iliondoka.

Kesho yake, tarehe 13, kiti chake kilikuwa kitupu asubuhi na mchana. Saa kumi na mbili jioni nilimtafuta ofisa yule yule nikamwambia kuhusu Berekvam. Alipiga simu nikiwa nimesimama pale. Hakuniuliza kwa nini sikusema jana.

Mwanamke aliyekuwa akitafuta mbuzi wake ndiye aliyempata marehemu, tarehe 14 asubuhi. Alikuwa chini ya njia, karibu na mto, mguu umevunjika. Niliambiwa kilichomuua ni baridi na mvua. Daktari hakuweza kusema alikaa hai kwa muda gani.

Nilirudi Johannesburg tarehe 19 Juni. Sikuitafuta familia yake. Nilikuwa nikipita Yeoville kwa njia ya kuzunguka ili nisione duka lake.

Mnamo tarehe 7 Septemba, saa tisa alasiri, Jocelyne alikuja maktaba ninakofanya kazi. Alikuwa ameuliza saluni hadi saluni, mpaka Jeannine, anayenisuka, akamwambia mteja wake mmoja Mkenya alikwenda safari ya meli. Hakuja kwa hasira. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Kisha akanisikilizisha ujumbe wa sauti ambao baba yake alimtumia asubuhi ile kutoka Flåm:

"Leo natembea bondeni na mama mmoja wa Kenya, anaishi jirani na kwetu. Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Siko peke yangu."

Jocelyne alisema kwa miezi mitatu maneno hayo ndiyo yaliyomwezesha kulala. Alitaka kujua tu baba yake alisema nini mwishoni, nikiwa naye.

Nilimwambia nilikuwa kwenye treni.

Alichukua simu yake juu ya meza yangu akatoka. Alifunga mlango taratibu, kama watu wanavyofunga mlango wa maktaba.

Sina la kuongeza. Niliyoyajua nimeyasema, na ni kweli.

(Sahihi) J. Chepngetich

Maelezo ya ofisa: Shahidi alitoa maelezo kwa Kiswahili mbele yangu kupitia mkalimani aliyeapishwa, Bi Chiku Mwakalinga. Alisomewa yote, akaulizwa kama anataka kubadilisha neno lolote. Aliomba pale ilipoandikwa "sikuweza kushuka" pasomeke "sikushuka". Pamesahihishwa, na ametia sahihi pembeni. Ameondoka kituoni saa sita na dakika tano. Nakala itatumwa kwa familia ya marehemu.

(Sahihi) Sajini N. Dladla