Onyo Kuhusu Reli ya Simwaanga Halikuwa Utani

KITUO CHA POLISI NAMAILA, MKOA WA KUSINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lweendo Himoonde. Umri: miaka 26. Kabila: Mtonga. Kazi: mhandisi msaidizi wa njia, kampuni ya reli ya mizigo. Makazi: nyumba za reli, Namaila. Yameandikwa mbele ya Sajini Inonge Mufalali, tarehe 24 Oktoba 2018.

Natamka tangu mwanzo, ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakunielewa: reli iliyoangusha treni ya sukari pale Simwaanga haikuguswa na mwizi. Ilijipinda kwa joto, kwa sababu ilifungwa wakati wa baridi na mtu aliyeambiwa asifanye hivyo. Aliyemwambia ni mimi. Mzee Haachizo Mweemba, mfugaji, ambaye yumo mahabusu ya kituo hiki akituhumiwa kung'oa vifungio vya reli, hana hatia, na kila saa anayokaa humo ni fedheha kwa watu waliosoma.

Kwa kuwa Sajini ni Mlozi nami ni Mtonga, na makabila haya ni watani tangu zamani, nimemwomba kwa leo tuuweke utani wetu kando. Amekubali. Sababu ya ombi hilo itaonekana.

Mnamo mwezi wa Julai mwaka huu kampuni ilianza kuondoa reli kuukuu kati ya Namaila na Simwaanga. Zilikuwa vipande vifupi vilivyoungwa kwa boliti, vichwa vimelika, na treni ilipita juu yake kwa mwendo wa baiskeli. Angalau kwenye kila kiungo paliachwa nafasi ndogo, chuma kipate pa kutanukia. Reli mpya ni ndefu, imechomelewa ikawa kitu kimoja, haina nafasi hata ya kupitisha unyasi. Chuma kikipata joto hutaka kurefuka. Kikikosa pa kwenda, husukuma pembeni. Jambo hili hufundishwa mwaka wa kwanza, nami nasikitika kwamba nalieleza kwenye kituo cha polisi kabla halijaeleweka ofisini kwetu.

Kwa hiyo reli ya namna hiyo hufungwa ikiwa na kile tukiitacho kazini "joto la katikati", yaani katikati ya baridi kali kabisa na joto kali kabisa ambalo reli ya mahali hapo hulipata kwa mwaka mzima. Kwetu ni kama nyuzijoto thelathini na tano. Reli ikiwa baridi, huvutwa kwa mashine mpaka ifikie urefu ambao ingekuwa nao katika joto hilo, ndipo ifungwe. Mashine hiyo tunayo. Ilikuwa ndani ya behewa la vifaa, imefunikwa turubai.

Tarehe 12 Julai, tukiwa njiani na genge zima la mafundi, mhandisi mkuu, Bwana Sitwala Lishomwa, ambaye ni Mlozi, alipima reli asubuhi akapata nyuzi sita. Akapima tena mchana akapata thelathini. Akajumlisha, akagawa kwa mbili, akatangaza kwamba joto la katikati ni nyuzi kumi na nane. Alichukua katikati ya siku moja, tena siku ya Julai, akaifanya kuwa katikati ya mwaka. Mtu huyu ofisi yake ina zulia.

Nilimweleza mbele ya genge kwamba neno "katikati" halina maana aliyolipa, na kwamba reli ikifungwa hivyo, joto kali la Oktoba likifika haitabaki kwenye mstari.

Alijibu: "Mtani, ninyi Watonga mnajua ng'ombe. Reli tuachieni sisi."

Genge likacheka. Nikamwambia, "Bosi, sitanii. Tutoe mashine tuivute."

"Mnamsikia huyu? Anataka kuivuta reli kama mkia wa ndama aliyenasa matopeni."

Walicheka tena, hata mnyapara akalazimika kukaa chini. Hapo ndipo nilipoona nimenaswa. Baina ya Mlozi na Mtonga hakuna neno ambalo haliwezi kupokewa kama utani, na kadiri nilivyozidi kukaza uso ndivyo nilivyozidi kusifiwa kwa umahiri wa kutania. Niliposema kuna mtu ataumia, fundi mmoja wa Kilozi aliniuliza kama kwenye matanga yake Watonga watachinja fahali au watalia tu. Reli ikafungwa kwa nyuzi kumi na nane. Baada ya hapo alikuja mgeni rasmi, akakata utepe, na Bwana Lishomwa akahutubia kwa kirefu juu ya maendeleo.

Tarehe 19 Oktoba, mnamo saa nane mchana, nilikuwa stesheni ya Simwaanga treni ya sukari ilipokaribia. Nilisikia breki, kisha kishindo. Nilikimbia nikaikuta reli imetoka kwenye mstari pamoja na mataruma yanayoibeba, imejikunja kama nyoka aliyekanyagwa. Mabehewa manne yalikuwa yamelala. Msaidizi wa dereva alikuwa amevunjika mguu. Nilipima reli: nyuzi hamsini na nane. Nilikagua vifungio kimoja baada ya kingine, na vyote vilikuwa mahali pake. Bwana Lishomwa alifika baadaye, akatazama, na neno lake la kwanza lilikuwa "Wezi."

Mzee Mweemba alikuwa karibu akitafuta ndama wake waliokimbizwa na kishindo. Polisi walipopekua boma lake walikuta misumari mikubwa ya reli, anayofungia ndama, wakamkamata. Misumari hiyo ni ya mataruma ya mbao ya zamani. Genge letu liliitupa kando ya njia mwezi wa Julai, na nusu ya kijiji inayo. Njia mpya ina mataruma ya zege na vibanio vya springi. Haina msumari hata mmoja. Kumshitaki mzee huyu ni sawa na kumshitaki mtu kwa kuiba tairi la mtumbwi.

Jana nilimkuta mkewe, Bina Choolwe, langoni mwa kituo hiki, ameshika bakuli la nshima, ugali wa kwetu, lililofunikwa kitambaa. Aliniambia, "Mwanangu, si wewe ndiye msomi wao? Waambie basi."

"Niliwaambia, mama."

"Sasa mbona mzee wangu yumo ndani?"

Nimesoma vitabu vingi.

Nimearifiwa kwamba Bwana Lishomwa ameandikisha hapa kuwa hakuwahi kuonywa, na kwamba maneno yangu yalikuwa "utani wa kawaida wa makabila yetu". Nakanusha. Mtani hutania ng'ombe wako, ukoo wako, tumbo lako, hata jeneza lako. Hatanii vipimo vya joto. Anayejificha nyuma ya mila ya watu ili akwepe hesabu ya kugawa kwa mbili ameitukana mila na ameitukana hesabu.

Namtaka Bwana Lishomwa ajibu hadharani, palepale Simwaanga, mbele ya genge lililocheka na mbele ya Mzee Mweemba akiwa huru: siku ile aliambiwa, au hakuambiwa? Asinijibu kwa simu wala kwa kinywa cha mwanasheria wa kampuni. Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasema kwa kinywa changu, na nayatia saini bila kuondoa neno.

(Saini) L. Himoonde

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake akayakubali. Nilimshauri aondoe sentensi ya zulia, amekataa. Nimempigia simu Bwana Lishomwa aje kujibu. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia ni Senanga, kwa Walozi, akafurahi sana. Nikamwambia aje hata hivyo.

(Saini) Sajini I. Mufalali