Sori ya Kavindu

Leyla, uko? Dada yangu Kavindu amefutwa kazi huko Doha. Amenipigia sasa hivi akilia.

Na unajua ni kwa nini? Sori! Amefutwa juu ya kusema sori!

Mama mwenye nyumba anamofanya kazi aliteleza kwenye ngazi iliyokuwa na maji, akavunjika mkono. Kavindu alikuwa jikoni, mbali kabisa. Akakimbia, akamwinua, akamwambia, "Sori madam, sori sana," vile sisi huku humwambia mtu pole akijikwaa.

Madam akamkazia macho. "Kwa hivyo ni wewe ulimwaga maji?"

Kavindu akaingiwa na woga, akasema tena sori. Leyla, tena!

Visa yake inamtegemea huyo madam. Asiposamehewa, Ijumaa anapandishwa ndege arudi kwetu Tulia. Mama bado hajui.

Nikamwambia, "Rudi umweleze kwetu sori ni pole tu, si kukubali makosa."

Akaenda bila kukata simu. Nikasikia mlango. Nikasikia madam akilia na mkono wake, "Ai, ai." Nikaomba Mungu, Kavindu aanze na yale maelezo.

Halafu nikamsikia, kwa sauti ya huruma kabisa:

"Sori, madam."