Mashimo Tuliyoyafukia Maguu

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na ukungu umeikalia Mbinga kama mgeni asiyetaka kuaga. Nina hasira. Naandika kabla haijapoa, maana najijua: ikipoa nitaanza kuwatetea watu, na wa kwanza kumtetea nitakuwa mimi mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita kikundi chetu cha kujitolea hapa chuoni kilikwenda kijijini Maguu kumlimia Bibi Skola. Ni mjane, miguu inamsumbua, anaishi peke yake, na shamba lake liko ubavuni mwa mlima. Mimi ni katibu wa kikundi, mwaka wa mwisho, kozi ya maendeleo ya jamii. Tulikwenda na fulana mpya, bango, majembe ya kuazima na mgeni kutoka shirika moja la Dodoma. Mgeni huyo alikuwa amesema wazi kwamba wanatafuta mhitimu mmoja wa kumwajiri afanye kazi vijijini. Mwalimu ambaye ni mlezi wa kikundi alikuwa ameshampa jina langu.

Kazi hiyo nimeiwaza tangu mwaka wa kwanza. Wenzangu wakiongea habari za kwenda Dar, mimi nilikuwa najiona nimevaa buti za mvua, nina pikipiki ya ofisi, nazunguka Namswea, nashuka hadi Lipingo ziwani, nasikiliza watu. Nasikiliza watu!

Kwa asiyetoka huku: sisi Wamatengo mlimani hatupigi matuta, tunachimba ngoro. Unakata majani, unayalaza kwa miraba, halafu unachimba udongo wa katikati na kuyafunika nao. Unabaki na shimo lenye kingo pande zote nne. Mazao yanakaa kwenye kingo, maji ya mvua yanaingia shimoni na kutulia humo. Ukiutazama mlima kwa mbali, utadhani kuna watu walizika kitu wakasahau ni wapi.

Frenki, mwenyekiti wetu, ni mtoto wa Dar. Alilitazama shamba la Bibi akashika kiuno. "Duh, mashimo yote haya! Tuyafukie, tupige matuta yanyooke." Na kweli yalinyooka, kutoka juu hadi chini, yameteremka na mlima. Kwenye picha yalipendeza sana.

Mimi nimechimba ngoro na mama kule Namswea tangu darasa la tatu.

Nilijua.

Bibi Skola akatoka nje akiegemea fimbo. Akasema kwa Kimatengo, mara mbili, msifukie, mvua italichukua shamba lote. Hakupaza sauti. Wageni anawaonea haya, na Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni tu. Frenki akanigeukia: "Dada katibu, Bibi anasemaje?" Mgeni wa Dodoma naye akanigeukia, simu juu, anarekodi.

Nikasema, "Anashukuru."

Watu wakapiga makofi. Bibi alinitazama mimi, si wao. Neno lile analielewa vizuri, analisikia kila Misa. Kisha akarudi ndani, na sisi tukaendelea kufukia, kisha tukapanda mahindi.

Nimetafuta sababu wiki mbili nzima, na zote nilizopata zinanuka. Ningesema ukweli, kazi ingesimama mbele ya mgeni. Ingejulikana kwamba hatukwenda kwanza kumuuliza mwenye shamba anataka nini, na kumuuliza ilikuwa kazi ya katibu. Tena nilikuwa na aibu ya kijinga kabisa, aibu ya kusimama mbele ya wenzangu na kuyatetea mashimo, nionekane mshamba. Mimi! Ambaye ada yangu imetoka kwenye mahindi na kahawa ya mashamba hayo hayo.

Mlezi alinionyesha barua ya mapendekezo aliyoniandikia. "Mpole, msikivu, hana makuu." Miaka yote mitatu watu wameniita mpole. Tukigawa sabuni wodini, mpole. Tukifagia soko, mpole. Na mimi nimeutunza huo upole wangu kama kitenge cha Krismasi. Leo naliona neno hilo kwenye karatasi na natamani kuichana. Mimi si mpole. Mimi ni mwoga, na watu wameshindwa kuona tofauti kwa sababu nafanya kazi kwa bidii.

Juzi Ijumaa zilikuja habari kwamba shamba limeondoka na maji. Mlezi akaniita ofisini. Ripoti inatakiwa Jumatatu, akasema, niandike tu kwamba kazi ilifanyika na Bibi alifurahi. "Tufunike kombe, mwanaharamu apite." Nikaitikia. Nikatoka nje ya ofisi, nimefika kwenye ngazi, ndipo hasira ikanishika. Mwanaharamu wa safari hii ni nani? Bibi Skola?

Kwa hiyo leo, baada ya Misa ya kwanza, nilinunua dagaa wa ziwani pale sokoni, nikapanda bodaboda mpaka Maguu, nimelowa kichwa hadi miguu.

Matuta yetu yamekuwa mifereji. Mbegu ya mahindi hakuna. Udongo wa juu, ule mweusi ambao Bibi na marehemu mumewe waliulisha majani miaka na miaka, umeshuka wote kijitoni, na mwingine umeifunika miche ya kahawa iliyokuwa bondeni. Nilisimama pale nikalia kwa hasira. Wanasema majuto ni mjukuu. Wa kwangu hakungoja hata nizae.

Nilimwamkia Bibi Skola shikamoo kwa Kiswahili, kisha nikaendelea kwa Kimatengo. Aliitikia. Hakunitukana. Alinipa kigoda karibu na moto na magimbi ya kuchemsha, na mimi nikala, maana kukataa kungekuwa tusi la pili. Afadhali angenichapa na ile fimbo.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akachochea moto kwanza, kisha akauliza, "Uliogopa nini kwao, hata ukaninyima mdomo wako?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba kulikuwa na kazi ninayoitaka.

"Kazi gani?"

"Ya kusaidia watu, Bibi."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, kisichokuwa na furaha hata kidogo. Kisha akasema mvua bado ni za mwanzo, akipata mikono anaweza kupanda tena sehemu. "Jumamosi njoo na mama yako. Nataka kumwona aliyekufundisha kulima."

Nimerudi chuoni nikaandika ripoti kabla sijabadilisha hata nguo. Ukurasa mmoja. Nimeeleza ngoro ni nini, tulifanya nini, Bibi alisema nini na mimi nilisema nini. Nimeituma kwa mlezi, kwa Frenki na kwa mgeni wa Dodoma kwa pamoja, ili nisipate nafasi ya kuirudisha.

Mlezi hajajibu. Mgeni ameisoma, kimya.

Frenki alipiga papo hapo. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Nimemchukia wiki mbili hizi, ametembea na lawama zangu bila kujua. Akaniuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukuniambia siku ile? Si ningewasimamisha?" Na najua angewasimamisha. Ana kelele, anapenda picha kupita kiasi, lakini angewasimamisha, kisha angemwomba Bibi radhi kwa Kiswahili chake cha Kariakoo mpaka acheke. Yeye hakujua. Hapo ndipo hasira yangu yote ilipokosa pa kwenda ikanirudia.

Kilichobaki kilikuwa mama. Mama ananiita "katibu" hata mbele ya majirani. Nimempigia, nimemweleza yote kwa pumzi moja, kuanzia fulana hadi lile neno langu. Akauliza shamba la yule mama lina ukubwa gani, na kama huko Maguu majani ya kulaza yanapatikana, maana ngoro huchimbwa Machi, si sasa. Nikamjibu ninavyojua. Akasema Jumamosi atakuja na majembe mawili na mbegu ya kurudishia.

Nikaanza kumshukuru.

"Usinishukuru. Nakuja kwa ajili ya yule mama," akasema. "Wewe tutaongea tukimaliza."

Shamba ni kubwa, lakini kulima kutaisha, na zamu yangu itafika.