Mtumishi Mjinga wa Chifu Bado Anauliza

Rafiki yangu Njoroge,

Nimevaa koti lako, lile la mikono mirefu ulilovaa jukwaani ukiwa mtumishi mjinga wa chifu. Mkeo, Mama Muthoni, alinipa mwenyewe, wiki ile alipofungua duka lenu tena. "Mwalimu, hili halina kazi kabatini," alisema. Duka linaenda vizuri. Anacheka kidogo siku hizi.

Baada ya kukuzika, kikundi chetu cha maigizo kiliacha kucheza. Kisha Kiprono, chifu wetu wa jukwaani, akasema tuendelee bila mtumishi. Ujinga wa chifu unatosha kuchekesha. Tukajaribu hapa Eldoret. Akaanguka, akavaa kofia kinyume, akawakonyeza watu, akasahau jina la mke wake, yaani mimi. Watu walicheka kidogo, halafu wakaanza kuangalia mlango.

Hapo nikakukumbuka umeegemea magunia dukani, ukinieleza: "Jepkosgei, chifu ni mjinga na hajui. Mimi ni mjinga na ninajua. Ukinitoa, watu watamcheka mtu tu. Nikiwepo, watacheka mambo anayofanya." Wakati ule nilikubali haraka ili uniuzie sukari niende nyumbani.

Nikawaambia mtumishi nitakuwa mimi. Kiprono akashangaa, ati mwanamke? Nikamwambia atafute mke mwingine.

Jumamosi tulicheza Moiben, ukumbi wa kanisa. Kibali cha kucheza tulikuwa nacho, lakini unajua mambo ya siku hizi: kibali kinatolewa asubuhi, jioni kinachukuliwa, na mwalimu anaweza kufutwa kazi kwa sababu ya kicheko. Chifu wa pale, chifu wa kweli, alikaa mbele kabisa na fimbo yake.

Tukafika pale Kiprono anapoamuru kila ng'ombe asimame yeye chifu akipita na baiskeli. Nikauliza kama ulivyokuwa ukiuliza: "Na wale waliosimama tayari, Chifu, walale kwanza ndio wasimame?"

Watu wakapasuka kwa kicheko. Chifu wa kweli akasimama.

Fikiria, Njoroge. Ningeweza kukimbilia nyuma ya pazia. Lakini nilikuwa mtumishi wako, na mtumishi wako hakimbii. Nikamgeukia Kiprono, nikasema polepole: "Chifu, uliamuru ng'ombe wasimame. Mbona unamsumbua Mzee?"

Na Kiprono, Mungu ambariki, akabaki mjinga vilevile. Akavua kofia, akainama: "Samahani, Mzee. Amri yangu haikuhusu. Keti."

Chifu akamwangalia. Akaniangalia mimi. Mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akarudi kitini, na ukumbi mzima ukacheka naye. Tulipomaliza alinishika mkono: "Mwalimu, chifu wenu ni mjinga kweli. Lakini huyo mtumishi, huyo nitamwangalia."

"Karibu, Mzee," nikamjibu. "Atafurahi."

Kisha nikaenda nyuma ya ukumbi nikalia, kwa sababu wewe ndiye mtu wa kwanza niliyetaka kumsimulia.

Kiprono ameelewa sasa. Anacheza ujinga wake kwa moyo wote, hakonyezi watu tena, na mimi napata nafasi ya kuuliza. Mwezi huu tumealikwa Kapsoya.

Wenzetu wengine wanaogopa, wanataka niyatoe yale maneno ya ng'ombe. Nakuahidi, Njoroge, sitayatoa. Hata akija mkubwa wa yule chifu, nitamwekea kiti cha mbele.

Pumzika, rafiki yangu.

Jepkosgei