Kaka Simiyu, Usiingie kwa Mlango wa Mbele

Mpendwa kaka Simiyu,

Tulikuzika. Nakuambia mapema ili ukae chini kabla ya kuendelea kusoma, maana mimi nilipogundua kwamba u hai nilikuwa nimeinuka kunyoosha mgongo, na nusura niiangukie kompyuta ya watu.

Nakuandikia hapa, kwenye orodha ya barua pepe ya watu wanaotengeneza programu ya printa, mbele ya macho ya Wajerumani, Wafini na sijui kina nani, kwa sababu sina mahali pengine pa kukupata. Ile anwani unayotumia nimeiandikia zaidi ya mara moja, kimya. Wenzetu wasiojua Kiswahili wanisamehe. Wakidhani naripoti hitilafu, hawajakosea sana.

Unalikumbuka bomba la Mama Atis pale Gatwekera? Chuo chenu kilikuwa kimefungwa baada ya fujo za wanafunzi, ukarudishwa nyumbani na godoro lako na amri ya kuripoti kwa chifu kila wiki. Mtu wa uhandisi, lakini foleni ya maji ilikungoja kama mtu mwingine yeyote. Mimi nilikuwa bado na sare ya shule. Kazi yangu ilikuwa kupanga mitungi yetu kwenye foleni kisha kukimbia nyumbani kugeuza ugali. Siku moja nikarudi nikakuta mitungi imetupwa kando na watu wamesonga mbele, nikalia mpaka makamasi. Hukuninyamazisha. Ulimwendea Mama Atis moja kwa moja.

“Mathe, mtoto ameenda kupika, hajaenda kucheza. Wacha mtungi yake kwa laini. Akikosa, apitishe mtu mmoja. Akikosa tena, apitishe mwingine. Ya tatu ndio aende nyuma.”

“Na wewe ni nani, waziri wa maji?”

“Waziri wa maji yako peke yako, Mathe.”

Alicheka mpaka akashika bomba, na sheria ikapita siku hiyohiyo. Hakuna bomba jingine lililokuwa na sheria hiyo. Kwingine ukikosa, mtungi wako unarushwa mtaroni na matusi juu.

Jioni uliniambia kwamba hiyo tayari ni programu. Kompyuta hatukuwa nayo, stima pia hatukuwa nayo, ila Mama alikuwa na maharagwe kwenye sinia. Kila harage lilikuwa mtungi, na mimi nilikuwa kompyuta, ninasogeza hili, ninapitisha lile, na wewe unanikaripia nikiruka hatua. Mama alipotaka kupika, alikwangua sinia yote akaitia sufuriani. Tulikula programu nyingi sana mwaka ule.

Kisha asubuhi moja ukaenda kuripoti kwa chifu. Chifu alisema uliripoti ukaondoka. Baada ya hapo hakuna aliyekuona.

Baba aliacha randa na misumeno yake kwenye karakana kule Kambi Muru akazunguka vituo vya polisi, hospitali na mochari. Akirudi, Mama hakuwa anamuuliza kitu, alikuwa anamtazama usoni tu, halafu anaendelea kukata sukuma wiki. Miaka ikapita hivyo. Halafu Baba akaanza kukuota. Umesimama kwenye mvua, unamwomba mahali pa kulala. Wazee wa kwetu Bungoma wakasema mtu asiye na kaburi hana pa kukaa. Unajua kwetu hufanywa nini mwili usipopatikana, sina haja ya kukufundisha. Mgomba.

Tukasafiri, na Baba akaingia shambani huko mwenyewe. Wa kwanza aliukataa, mfupi. Wa pili pia aliukataa. Nilimwona amesimama katikati ya migomba, ameinua mkono juu ya kichwa chake, pale ulipokuwa unafika wewe mkisimama pamoja, na huo uliofika mkono ndio alioukata. Akautengenezea jeneza kwa mbao nzuri za mteja, za kitanda. Mama akauvisha sweta yako ya kijani. Watu wakaimba, na mimi nikaulilia ule mgomba, Simiyu, nikaulilia mpaka sauti ikanipotea. Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unakunywa chai?

Mwaka uliofuata niliitwa chuoni. Nilichagua uhandisi kwa hasira, nadhani, ili mtu wa nyumba yetu aumalize. Ungecheka kuniona. Darasani wasichana tuko wachache, tunajipanga karibu na dirisha, na mwalimu mmoja hutuita kina mama. Bwenini tunapika kwa koili ya stima iliyopigwa marufuku. Msimamizi akibisha, sufuria inaingia kabatini bado inatokota, nasi tunafungua mlango na vitabu mkononi huku nguo zetu zinanuka vitunguu. Kwenye maabara kompyuta hazitoshi, kwa hiyo watu huacha mkoba kitini kushika nafasi, na ugomvi hauishi. Niliwaletea sheria ya Mama Atis bila hata kufikiria. Sasa mikoba inapitisha, na watu wanadhani ni akili yangu.

Likizo hii ndefu nimekuwa nikishinda Kawangware, pale kituo cha matatu cha 56, nyuma ya duka la mabati na misumari, kwa Mkamba mmoja wa Kitui anayeitwa Mutua. Yeye hufufua kompyuta ambazo maofisi yametupa. Mimi namchapia kadi za harusi na za matanga, naye ananiachia mashine moja niichezee. Kutoka chuoni nilikuja na programu za bure kwenye disketi, zile zinazoandikwa na watu wengi, kila mmoja kwao, na yeyote anaruhusiwa kuzifungua tumbo na kuzitengeneza. Mutua hakuamini.

“Bure? Sasa hao watu hukula nini?”

Printa yake ilikuwa inakwama kila tukichapa kadi mbili pamoja, basi nikatafuta kosa, nikalirekebisha, nikapeleka disketi saiba mjini, kwenye intaneti ya kulipia, na kutuma marekebisho. Mtu ambaye sitamwona maishani akanijibu kwamba nimeacha nafasi vibaya kwenye mistari yangu, nirudie. Nilinuna siku nzima. Nikarudia, wakayapokea. Kazi ya mkono wangu iko kwenye mashine za watu huko duniani, Simiyu, kutoka Kawangware! Nilitamani kumwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo nilikuwa nimemmwagia udongo.

Basi mchana mmoja nilikuwa nasoma toleo jipya, ile sehemu inayopanga foleni ya printa. Kazi ambayo haijawa tayari haitupwi. Inapitisha moja. Ikiwa bado, inapitisha nyingine. Ya tatu ndipo inakwenda nyuma. Nikahisi masikio yanawaka moto. Nikajiambia, Nekesa, watu wawili wanaweza kufikiria kitu kimoja, tulia. Nikainuka, nikanyoosha mgongo, nikasogeza macho juu kidogo, nikaona kila kazi kwenye foleni hiyo imepewa jina. Katikati ya Kiingereza chote kile, inaitwa mtungi. Na juu yake mtu ameacha maelezo kwa watakaosoma baadaye kwamba mtungi usitupwe, mwenyewe ameenda kugeuza ugali.

Nilipiga nduru. Mutua akadhani nimerushwa na stima, akakimbilia swichi kubwa akaizima, na duka lote likawa giza pamoja na saluni ya jirani.

“Nekesa! Umeguswa wapi? Ni mkono?”

“Washa! Mutua, washa!”

“Nani amezima stima?” wakapiga kelele wanawake wa saluni. “Nywele ya mtu iko nusu huku!”

Kompyuta ile ni mzee, inachukua muda kuamka. Nilisimama mbele yake nikiogopa kwamba ikiwaka nitakuta nimeota. Ikawaka. Mtungi ulikuwa palepale. Aliyeuandika anajiita Fundi, basi, hana jina lingine, na aliuandika mwaka huu. Mwaka huu, Simiyu! Nyasi zimeshaota juu ya kaburi lako.

Sikumbuki nilivyofika Gatwekera. Mama alikuwa mlangoni anakata sukuma. Nilipomwambia, alinizaba kofi. Unamjua, hajawahi kunipiga tangu nivunje ule mwiko wake wa ugali. Kisha akaniambia, “Rudia.”

“Ako hai, Mama. Ameandika kitu. Ni yeye.”

Nilimweleza habari ya mtungi na ugali. Akaketi chini, palepale kwenye sukuma yake. Nilidhani ataniuliza uko nchi gani, au kwa nini hukutuma neno hata moja. Hakuuliza lolote. Alisema, “Mwambie asiingie na huu mlango. Tulimlilia. Mtu mwenye ameliliwa anaingia na nyuma, mpaka wazee wamchinjie kondoo.”

“Mama, hii nyumba haina nyuma.”

“Mwambie tu.” Kisha akaokota jani moja la sukuma, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika. “Labda kuna mtu alimwambia amezikwa. Mtu akisikia amezikwa kwao, atarudi akiambia watu nini?”

Hilo sikuwa nimelifikiria, kaka. Nilikuwa na hasira zangu nimezipanga vizuri, na zikaharibika zote. Nilikuwa nimekuona mahali penye baridi na koti zito, umetusahau. Sasa nakuona mahali hapohapo, umesikia kwamba baba yako amekata mgomba, na unaogopa kuleta balaa nyumbani. Kama ni hivyo, basi sisi ndio tulioutupa mtungi wako kando, na tunaurudisha. Kama si hivyo, kama ulitusahau tu, sijui, njoo nikuzabe kofi nililopokea kwa niaba yako. Bado nimeshtuka. Nakula nikishtuka, nalala nikishtuka. Hata furaha yenyewe haijajua iingilie wapi.

Baba aliporudi kutoka kazini Mama ndiye aliyemwambia. Alisikiliza akiwa amesimama, na msumeno ungali kwapani. Mwishowe akanigeukia.

“Hiyo kompyuta inasema kama anakula?”

“Haisemi, Baba.”

Akaitikia kwa kichwa, akanawa mikono, akala kidogo, akaenda kulala.

Asubuhi hakwenda Kambi Muru. Alizunguka nyuma ya nyumba, upande ule wa mtaro, akaanza kukata ukuta. Udongo ulimwagika juu ya kitanda chako cha zamani ambacho sasa ni changu, na mwangaza ukaingia mahali ambapo haujawahi kuingia tangu tuhamie. Mwenye nyumba alikuja mbio akipiga kelele kama anaibiwa.

“Wewe fundi, umerukwa? Nani amekuambia nyumba yangu inataka mlango mbili?”

“Kijana yangu ako njiani,” Baba akamjibu, akaendelea kukata.

Mwenye nyumba aliyehudhuria matanga yako, aliyetoa rambirambi kwa mkono wake, alimtazama Baba, akamtazama Mama, akanitazama mimi. Kisha akaondoka mbio kuliko alivyokuja.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukifika bomba la Mama Atis usipinde kushoto kama zamani. Fuata mtaro. Utaona mbao mpya ambazo hazijapakwa rangi. Hakuna kufuli, Baba amekataa kuitia. Usiogope kuinama, hakutahitajika. Wakati wa kuupima huo mlango hakutumia futi. Alisimama kwenye uwazi, akainua mkono juu ya kichwa chake, na hapo ndipo akapiga alama.

Wako, dada aliyeenda kugeuza ugali, na sasa amerudi kwenye foleni anakungoja,

Nekesa