Ugali Usio na Utamu

Jumamosi, nyumbani Turwa. Mawingu yamekaa tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nami situlii, nimefagia uwanja, nikaufagia tena.

Mama ana kisukari. Ameacha sukari kwenye chai, ameacha soda, na anaona amemaliza kazi. Ila ugali wa udaga, huu unga wetu wa muhogo, anaula bila hofu, tonge juu ya tonge, kwa sababu hauna utamu. Wiki hii miguu imeanza kumfa ganzi.

Ninafundisha baiolojia. Nyumbani nimeshindwa kumfundisha mtu mmoja.

Leo nilikuja na dawa za maabara. Nikadondoshea ugali ayodini, ukawa mweusi wenye ubluu. Nikamwambia huo ndio wanga. Akasema hospitali hawakumkataza wanga, walimkataza sukari. Basi nikakoroga ugali kidogo na maji, nikatia dawa ya Benedict inayopima sukari, nikachemsha. Ikabaki bluu, yaani haikuona sukari.

"Umeona, mwalimu?" alisema Mama. "Hata dawa yako imekataa."

Alicheka hadi akashika ubavu, akamwita jirani aje aone msomi alivyoumbuka.

Jirani alipoondoka, nilimwomba Mama atafune tonge kwa muda mrefu bila kumeza, kisha ateme kikombeni. Akakataa katakata. Kwetu mate ya mzazi ni ya kumbariki mtoto, si ya kuchezewa kwenye vyombo. Nilibembeleza hadi sauti ikanikauka. Mwishowe akasema nishike kikombe mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea baraka.

Nilipiga magoti, nikapokea.

Nikasubiri kidogo, nikatia ile dawa ya Benedict, nikachemsha. Bluu ikawa kijani, ikaja njano, ikaishia rangi ya tofali la kuchoma. Nikamweleza kwamba wanga huanza kugeuka sukari mdomoni, na tumboni kazi huendelea.

Hakucheka tena.

"Sasa nile nini, Bhoke?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Kwa swali hilo sikujiandaa.

Jioni alimega kipande kidogo cha ugali, akajaza mboga, akala polepole kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Ningependa anibishie tena.

Jumatatu tunakwenda wote kliniki, nikaulize swali lake kwa maneno yake. Kesho Jumapili mpishi ni mimi, na sijui nitabandika nini jikoni.